Waliochuna Chai ya Kipngeno

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Nyamweya, wazee wa kanisa, akina mama wa ushirika, ndugu wageni waalikwa, chamgei!

Tumekuja kumuaga Mzee Kepher Ogola, fundi wa kiwanda na mzee wa kanisa hili la kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya chai, ambaye kesho anarudi kwao upande wa ziwani. Wengi mnashangaa mimi Kipngeno nasimama hapa kwa nini, maana siabudu hapa, na mnajua nilivyokuwa.

Mwaka wa tisini na tatu nilifunga kwa miiba njia ya miguu inayopita shambani kwangu, ili watu wa kambi wasinipitie wakienda ibada. Mzee Kepher alikuja akaniuliza, "Mzee, kwani hii njia imekula nini yako?" Miiba nikaiacha palepale. Wakaanza kuzunguka kule mtoni, wazee kwa watoto, hata siku za mvua.

Hujafa hujaumbika. Mwaka uliofuata nilianguka kutoka juu ya paa la zizi, nikavunjika paja, nikalala hospitalini miezi mitatu. Mke wangu Chelimo alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi kubeba kikapu. Na nyinyi mnajua, chai haingoji mwenyewe apone: ukiiacha wiki chache inapanda juu, inakuwa msitu. Nilikuwa nalia kitandani, si kwa paja, kwa shamba.

Siku niliporudi nilikuta chai imenyooka kama meza! Nikamuuliza Chelimo, "Nani amechuna?"

Akasema, "Watu wa kanisa la kambi. Kila Jumamosi, wakitoka kazini. Wanachuna, wanapeleka majani kituo cha kununulia chai, kwa namba yako ya mkulima."

"Walipitia wapi?"

"Mtoni. Nilitaka kuwatolea miiba, Mzee Kepher akakataa. Alisema, 'Mama, mwenyewe ndiye alifunga, acha mwenyewe afungue.'"

Ndugu zangu, nilishikwa na woga, ule woga mtu anaupata mbele ya Mungu. Watu wachune majani ya kampuni siku sita, kisha wazunguke mtoni na vikapu mgongoni, waokoe shamba la mtu aliyewafukuza, na bado waheshimu miiba yake? Nimesikia mahubiri mengi maishani. Hilo la vikapu ndilo lilinibomoa.

Miiba niliitoa wiki ileile, nikiwa na magongo. Maziwa nimekuwa nikileta, na kuku pia. Lakini ukaidi ni ugonjwa, Mzee Kepher. Miaka mitatu tumesalimiana, tumecheka, tumezikiana, na neno lenyewe sijawahi kulitamka, na kesho unapanda gari.

Nilikukosea. Niliwakosea nyote wa kambi hii. Nisamehe, ndugu yangu.

Mchungaji, naona mzee amesimama, anakuja. Basi hotuba imeisha, niacheni nikamshike mkono. Asanteni kwa kunivumilia. Na kwa lugha ya kwenu, Kepher, asante: ero kamano.