Mwalimu Onesmo na Ngeli ya Kiboko

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Uwe Ngokolo, uwe Ibadakuli, uwe huko machimboni Bulyanhulu ambako redio inashindana na mashine za kusaga mawe, sogea karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Onesmo Mayala. Alifundisha Kiswahili katika sekondari moja ya kata, upande wa Bulyanhulu. Alifariki mwezi uliopita kwa maradhi ya figo, akiwa bado hajastaafu.

Tunamkumbuka mwalimu hodari. Tunamkumbuka pia mtu mwenye wivu. Nasema hivyo kwa ruhusa ya mkewe, Mama Nelly. Aliniambia, "Baba, ukimsifia bila kuutaja wivu wake, watu watadhani tumezika mtu mwingine."

Onesmo alizaliwa Ngokolo, mtoto wa fundi viatu. Aliingia darasani kama bwana harusi, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mkondo A wa Kidato cha Pili ulikuwa wake. Kipindi kikiisha alifuta ubao mwenyewe, mpaka nukta ya mwisho, ili mwalimu anayeingia asije akaona mfano wake na kuuchukua. Wanafunzi wake walifaulu. Wazazi walimsimamisha sokoni kumshukuru. Aliyapenda hayo kupita kiasi.

Kisha akaja Yasmini Hatibu, binti wa mfanyabiashara wa Shinyanga mjini. Naye alifundisha Kiswahili. Akapewa mkondo B. Baada ya muda mfupi, kicheko kikawa kinavuka ukuta kutoka mkondo B. Mwalimu Onesmo alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi, anasikiliza.

"Pale wanasoma au wanatazama vichekesho?" aliuliza siku moja.

Darasa lake likakaa kimya. Hilo nalo lilimuuma.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, fuateni hapa, maana ndipo mambo yalipoanzia. Wanafunzi walipangwa upya. Msichana mmoja, Nyamizi, akatolewa mkondo B na kuletwa mkondo A. Mwalimu Onesmo alikuwa anafundisha ngeli. Akamsimamisha mgeni.

"Wewe. Kiboko ni ngeli gani?"

"Kiboko yupi, mwalimu?"

Darasa likaguna. Onesmo akainua fimbo iliyokuwa mezani. "Kiboko hiki hapa!"

"Hicho ni KI-VI, mwalimu. Kimevunjika, vimevunjika. Ila yule wa ziwani ni A-WA. Amelala, wamelala."

Mkondo A ukacheka. Kwa mara ya kwanza mkondo A ulicheka, na kicheko hakikuwa chake. Yeye alikuwa amewafundisha kuangalia umbo la neno tu: kiboko, viboko, basi ni KI-VI. Ndivyo alivyofundishwa naye. Yasmini alifundisha kuangalia neno linavyokaa katika sentensi. Shule moja, kidato kimoja, majibu mawili. Na mtihani wa taifa ulikuwa mmoja, unakuja. Nani atafeli? Watoto wa A, au watoto wa B?

Mwalimu Onesmo alivuka uwanja mpaka ofisi ya walimu.

"Binti, unanivurugia watoto!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unanivurugia watoto!"

Nyumbani ikawa ni Yasmini asubuhi, Yasmini jioni. Yasmini kasema hivi, Yasmini kafanya vile. Mama Nelly naye akashikwa na wivu wake. Haya ni maneno yake: "Nilivaa kitenge changu kizuri, nikapanda bodaboda mpaka shuleni, nimwone huyo Yasmini. Nikawakuta wawili hao ofisini wanafokeana, mate yanaruka, habari yenyewe ni kiboko. Nikasema, aa, hapa hamna mapenzi. Nikarudi zangu kupika."

Aliyemaliza ugomvi ni Mwalimu Januari, mtaaluma wa shule, yaani msimamizi wa masomo. Aliwaambia wote wawili, "Watoto wa huku baba zao wanahama kufuata dhahabu. Leo shule hii, kesho ile. Wakihama darasa tu ndani ya shule yetu wanapotea. Kuanzia sasa azimio la kazi ni moja. Mtaketi kila Alhamisi, mkubaliane nini kinafundishwa, kwa maneno gani na kwa mifano ipi. Kisha kila mmoja akae nyuma ya darasa la mwenzake, amsikilize."

Mwalimu Onesmo alikataa. Alhamisi ya kwanza hakwenda. Jioni akasikia wamepanga bila yeye, na mifano yote ni ya Yasmini. Hakulala vizuri. Tangu hapo hakukosa Alhamisi hata moja, hata mvua ikinyesha, hata akiwa na homa. Aliogopa wataamua akiwa hayupo!

Walibishana kila juma. Lakini walitoka na jambo moja. Umbo kwanza, kama alivyofundisha Onesmo. Kisha sentensi, kama alivyofundisha Yasmini. Ubao wa A ukafanana na ubao wa B. Mwaka ule mikondo yote miwili ilifaulu vizuri. Wazazi wa mkondo B nao wakaanza kumsimamisha Onesmo sokoni.

Mimi niliyejifunza kuandika katika madarasa ya jioni, ambako kila mwalimu mpya aliturudisha mwanzo kana kwamba jana haikuwapo, nawaonea wivu watoto hao.

Mwalimu Onesmo alipolazwa hospitalini, Yasmini alikwenda kumtazama.

"Mkondo wangu anao nani?"

"Mwalimu Mageni. Amekuja juzi."

"Ameanzia wapi?"

"Pale tulipokubaliana, mwalimu."

"Kwa mfano wa nani?"

Yasmini angeweza kumdanganya mgonjwa. Hakumdanganya. "Wangu."

Mwalimu Onesmo akageukia ukutani. Kisha akasema, "Mwambie akirudia, atumie wangu."

Siku tatu baadaye alifariki.

Msibani nilimkuta Yasmini ameketi kando ya Mama Nelly. Nikamuuliza Alhamisi zinakwendaje. Akasema, "Tunaketi, tunapanga, tunamaliza mapema. Hakuna anayebisha." Kisha akamtazama mjane. "Namwonea wivu mama huyu. Yeye amebishana naye miaka mingi kuliko mimi."

Mama Nelly akamshika mkono, hakuuachia.

Pole Mama Nelly. Pole Nelly na wadogo zako. Poleni walimu na wanafunzi, wa mkondo A na wa mkondo B. Mungu awape nguvu.

Nawe mwalimu unayenisikiliza, kesho mwulize mwenzako wa darasa la jirani amefika wapi na anafundisha kwa mfano gani. Ukikuta mfano wake ni mzuri kuliko wako, mwonee wivu, hakuna atakayekulaumu. Ila vuta kiti, uketi naye.