Benchi ya Nje ya Ofisi

Katibu, kabla sijasema neno andika saa niliyosimama, maana mimi nikishika maneno siyaachi haraka, na wewe unanijua.

Wanachama wenzangu, watu wa Saboti, watu wa Kachibora, na nyinyi mliotoka Bungoma asubuhi na mapema mkakuta chai imekwisha, nawasalimu kwa upendo wa Mungu. Ajenda inayofuata mnaijua. Jina langu limependekezwa lirudi kwenye kamati ya mikopo, kamati ile ile mliyonitoa mkiwa mmesimama juu ya viti. Mwenyekiti amesema kabla ya kura niwaeleze wanachama wapya nilianguka vipi. Nitasema yote, na sitataja jina la mtu. Anayejijua ajijue, na anayemjua anyamaze.

Nianze na kujisifu, kwa sababu hata mkinikataza nitajisifu tu. Mimi shule niliacha darasa la sita. Nilikuja Kitale na shati moja, nikawa mtu wa kupakia magunia kwa lori za wengine. Mgongo huu mnaouona umebeba mahindi ya watu mpaka ukajua bei. Nilijifunza kuuma punje moja na kukuambia kama mahindi yamekauka au bado yana maji, na kile chombo cha kupimia kikija nyuma yangu kinakubali. Nikanunua gunia moja, nikauza. Nikanunua matatu. Nikafika mahali pa kuwa na stoo yangu kando ya barabara, milango miwili, na lori lenye jina la mama yangu mbele. Hakuna mtu alinishika mkono. Sawa, mke wangu alinishika, lakini huyo nitamfikia.

Sasa hiki chama chetu cha akiba kilipokua, mlinichagua mwenyekiti, na kamati ya mikopo ikawa chini yangu. Ndugu zangu, siku hiyo sitaisahau. Ukumbi mzima ulinyanyua mikono, walimu, wauguzi, watu wa ofisi za serikali, watu wenye vyeti, wote wananyanyua mikono kwa sababu ya mtu wa darasa la sita! Niliangalia ile mikono nikaanza kuihesabu, nikapoteza hesabu. Vijana wa soko wakaanza kuniita Gavana. Si gavana wa kaunti, hapana. Ati gavana wa benki kuu, yule mkubwa akisema riba ipande, inapanda nchi nzima, na yeye hajaonekana hata ameinua gunia.

Nikaona wamesema kweli. Kwa maana mwenyekiti ndiye alikuwa anasema dirisha la mikopo lifunguliwe lini na lifungwe lini. Nikisema neno Jumatatu kwa kikao, Alhamisi watu wa Kachibora wamebadilisha mipango yao. Jamani! Mdomo huu huu wa kuuma punje! Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa nguvu yake, na naipenda.

Hapo ndipo shida ilianzia, na nataka wapya mnielewe pole pole. Mkulima huku kwetu anavuna kuelekea mwisho wa mwaka. Januari shule zinataka karo. Akipata mkopo Desemba, analipa karo, mahindi yake anayaweka, anauza baadaye bei ikiwa nzuri. Asipopata mkopo, anauza Desemba hiyo hiyo, kwa bei yoyote, kwa mtu yeyote aliye na pesa mkononi. Na nani Kitale alikuwa na pesa mkononi na stoo ya milango miwili? Mmecheka. Ndiyo, ni mimi.

Mwaka wa kwanza nilifunga dirisha Desemba kwa sababu ya kweli. Akiba ilikuwa imeshuka, hata mweka hazina alikubali. Lakini nikaona vile watu walipanga foleni kwa stoo yangu, mpaka kwa mama mmoja anayeuza mandazi. Mwaka wa pili nilifunga tena, na sababu ilikuwepo, ila ilikuwa nyembamba. Mwaka wa tatu sikutafuta sababu. Nilisema tu, "Dirisha limefungwa mpaka Februari," kamati ikaandika, tukanywa chai. Na mwezi wa pili nikanunua lori la pili, nikalipeleka kanisani liombewe.

Sikuiba hata shilingi moja. Mizani yangu ilikuwa sawa, na iko sawa mpaka leo. Nawaambia hili si kwa kujitetea, ni ili muone jinsi mtu anaweza kuharibika na mizani ikiwa sawa.

Mkutano mkuu ukafika, mwezi wa tatu. Nimevaa suti. Nimemaliza hotuba, watu wamepiga makofi. Mama mmoja akasimama kule nyuma, mjane, ana kiondo begani. Akasema, "Mwenyekiti, nina swali dogo."

"Uliza mama, hapa ni kwenu."

"Siku uliyofunga dirisha la mikopo, mlango wa stoo yako ulikuwa wazi ama umefungwa?"

Nikaanza vile mimi huanza: "Mama, mimi ni mtu nilitoka mbali. Mimi nimelala juu ya magunia..."

"Sijakuuliza ulilala wapi."

Mlicheka, nyinyi watu! Mwingine alianguka kwa kiti. Nikapandisha sauti, "Kuna mtu hapa mizani yangu imemwibia? Asimame!"

"Mizani iko sawa," akasema. "Niliuza kwako gunia kumi na mbili, na yote yalipimwa vizuri. Msichana wangu alikuwa anaingia chuo cha uuguzi, na mkopo ulikuwa umefungwa. Mimi nauliza mlango."

Nikakaa chini. Mtu wa maneno kama mimi! Ndipo mkapanda juu ya viti. Mkanisimamisha chamani, mkachagua watu watano wachunguze mambo yangu wanihukumu, na wa kwanza kutajwa, kwa kelele za ukumbi mzima, alikuwa yule mama.

Baada ya hapo nilijifunza jina linaondoka haraka kuliko lori. Watu walipitisha mahindi mbele ya stoo yangu wakipeleka kwingine. Siku moja nimepita sokoni, mama wa mandazi, aliyekuwa ananiita Gavana mpaka ng'ambo ya barabara, akasema tu, "Karibu mzee." Mzee! Nilinunua mandazi mbili nikashindwa kuzila. Lori la pili nikaliuza, kisha la kwanza likasimama, nyasi ikaota kwa magurudumu.

Nikarudi nyumbani upande wa Mabanga, kwa shamba la marehemu baba, nikashika jembe. Nikalima, nikapalilia, nikavuna, nikaanika kwa turubai na mikono yangu. Desemba ikafika, na mtoto wangu wa mwisho anaingia sekondari. Mke wangu akasema, "Baba, karo?" Mkopo siwezi kuomba, nimesimamishwa. Akaja mnunuzi, kijana amevaa viatu vipya vya gambuti. Akachota punje kwa turubai langu, akaiuma.

"Hii iko na maji bado, mzee."

Ndugu zangu, yale mahindi yalikuwa yamekauka kama mawe. Mimi ninajua! Kama kuna kitu kimoja ninajua chini ya jua ni hicho. Nilitaka kumwambia, kijana, unajua unauma punje mbele ya nani? Lakini Januari inakuja. Nikamuuzia. Alipoondoka mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya kunicheka, "Sasa umejua tulikuwa tunawafanyia nini?" Alisema "tulikuwa." Angeweza kusema "ulikuwa." Hapo nikakaa juu ya turubai tupu, na sikuinuka haraka.

Januari hiyo hiyo nikaitwa na wale watano hapa Kitale. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na nje kulikuwa na benchi fupi, mguu mmoja umeungwa na waya. Wakaniambia nikae nje, waanze kusoma mambo yangu, wataniita. Nimekaa kwa jua, nahesabu jinsi yule mama atanimaliza. Kwa maana nani angemlaumu? Mahindi ni yake, swali lilikuwa lake, na sasa kalamu iko mkononi mwake.

Mlango ukafunguka. Akatoka yeye, na kiondo chake.

"Sogea," akasema. Akakaa. Benchi ikalia.

Nikamuuliza, "Wameahirisha?"

"Hawajaahirisha. Wameanza kusoma mambo yako."

"Si wewe ni mmoja wao?"

"Ni mmoja wao. Lakini mahindi yalikuwa yangu. Jambo langu likisomwa, mimi nakaa nje."

"Nani amekuambia utoke?"

"Hakuna mtu. Hata wamenikataza."

Nilimwangalia, nikadhani ni mtego. Nikamwambia, "Mama, hii ni nafasi yako ya kunimaliza bana, na unaiacha?"

Akacheka kidogo. "Nikikumaliza mimi, utazunguka Trans-Nzoia yote ukisema ni mjane wa gunia kumi na mbili alikumaliza. Wakikumaliza wale wanne, utajua umemalizwa na kazi yako."

Mimi nimeona mambo. Nimeona lori likibingirika mteremko wa Cherangany na dereva akatoka anaimba. Nimeona pesa ambazo mtu wa darasa la sita hakupaswa kuziona. Lakini sijawahi kuona mtu ana nguvu yote mkononi, ana sababu yote, watu wote wako upande wake, kisha anaiweka chini mwenyewe, anatoka nje kukaa kwa jua pamoja na adui yake. Nilikuwa nimekalia kiti cha mwenyekiti miaka, nikidhani ukubwa ni kuwa ndani. Yule mama alikuwa mkubwa zaidi akiwa nje, juu ya benchi ya waya, kuliko mimi nikiwa ndani na suti yangu. Mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Akafungua kiondo, akatoa mahindi makavu yaliyokaangwa na njugu, akanimiminia kwa kiganja. Nikauma punje moja.

"Imekauka?" akaniuliza.

"Imekauka, mama," nikasema, na machozi yakatoka. Mimi!

Tulipoitwa ndani niliingia nikiwa nimeshajihukumu. Wale wanne walisema misimu mitano nisikaribie kamati, na upande mmoja wa stoo yangu niwape wanachama waweke mahindi yao wakingojea bei. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mtu mwenye biashara ya nafaka asipange tarehe ya dirisha tena, na mwenye jambo mezani atoke. Mliandika, na imekuwa desturi yetu. Hata mweka hazina, shemeji yake alipoomba mkopo wa ng'ombe, tulimuona nje anapigwa na mvua.

Misimu mitano imeisha. Stoo yangu inafanya kazi tena, na lori limerudi barabarani. Ndiyo, nimeinuka tena, na nimeinuka vizuri, hilo nalo andikeni.

Namshukuru mke wangu kwa lile neno "tulikuwa." Nawashukuru wale wanne kwa kunipa adhabu ya haki. Namshukuru mama wa mandazi, ambaye bado ananiita mzee na nimezoea. Na yule mama mwenye kiondo, sina shukrani inayomtosha. Msichana wake ni muuguzi sasa, na sindano yangu ya mwisho ni yeye alinidunga, na alidunga kwa nguvu, sitasema zaidi.

Nyinyi wapya, neno langu ni hili tu. Usiangalie mizani pekee. Angalia umekaa upande gani wa meza. Ukijikuta pande zote mbili, inuka utoke, hata kama hakuna mtu amekuambia, na hasa kama hakuna mtu amekuambia.

Sasa ajenda inayofuata ni mimi, kwa hiyo natoka. Ile benchi ya waya mnajua niliibadilisha, nikaleta ya mbao ya mvule, ndefu, ina mahali pa kuegemea, pesa yangu mwenyewe. Hakuna chama kina benchi kama ile kutoka hapa mpaka Bungoma. Nitakuwa pale.

Naona mama mmoja kule nyuma anachukua kiondo chake ainuke. Mama, kaa. Tafadhali kaa. Maneno yetu wawili yalikwisha siku ya zile njugu. Leo jambo ni langu peke yangu, na kura yako naitaka iwe ndani, hata ikinikataa.

Katibu, andika kwamba nimetoka.