Mama Chanzo Anarudisha Funguo

Mke wangu amekufa. Alikufa miaka minne iliyopita, Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kisimani, futi thelathini chini, na aliyeshika kamba juu hakuniambia mpaka nikapandisha ndoo ya mwisho.

Naanza hapo kwa sababu aliyenifundisha kulisema hivyo, kavu, ndiye anayestaafu. Mkutubi wetu, Mama Chanzo, amefanya kazi maktaba hii miaka thelathini na moja na miezi miwili. Leo Jumatano, tarehe thelathini, anarudisha funguo.

Ofisi imemzawadia saa ya ukutani. Mtu hajachelewa kazini miaka thelathini na moja, unampa saa. Haya.

Mtauliza kwa nini wasifu wake kwenye jarida hili la maktaba kaandika mchimba visima aliyeishia darasa la tano. Mimi niliombwa mwisho. Kwanza waliandika wasomi wenyewe, wale wanaokaa chumba cha kompyuta kila Jumamosi wakiandika ensaiklopidia ya mtandaoni. Asiyeijua, ni kitabu kikubwa cha maarifa kinachoandikwa na watu wa kujitolea. Yeyote anaongeza, yeyote anafuta, na kila neno linatakiwa lionyeshe limetoka wapi. Basi watu kumi na mmoja wakashirikiana kuandika wasifu wa Mama Chanzo, wiki tatu nzima. Mmoja akaandika kwamba ni mchapakazi. Mwenzake akauliza, nani kasema? Mwingine akaandika kwamba anapendwa na wengi. Akaulizwa wengi ni wangapi. Yupo karani mmoja wa benki, tunamwita Mkasi kwa sababu kazi yake ni kukata ya wenzake. Huyo akafuta aya yote ya utoto wake kwa kuwa haina ushahidi, na mwenye utoto amekaa meza ya pili anakunywa maji. Hakumuuliza. Wiki ya tatu ikabaki sentensi moja: "Ni mkutubi." Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hiki hata gatini hakikutoka.

Ndipo wakanikumbuka. Mzee, wewe si unamjua?

Namjua. Alianza kazi maktaba ikiwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Bati lilipovuja alihamisha vitabu peke yake siku mbili, kichwani na mikononi. Wakubwa walifika siku ya tatu kupiga picha, na kwenye picha hayumo. Kompyuta tano za msaada zilipoletwa, mkuu wa wakati ule alizifungia stoo miaka miwili zisiharibike. Mama Chanzo alisaini kitabu cha funguo kama mtu anayefuata ndoo ya deki, akazitoa moja moja, akazipanga mezani. Mkuu aliporudi safari alikuta wanafunzi wamezikalia. Akasema alikuwa na mpango huo huo. Wakubwa wana bahati, mipango yao huwa tayari wakati wote, inasubiri mwingine aitekeleze.

Jina alilipata kwa swali lake: "Chanzo kiko wapi?" Humwambii kitu akapokea hivi hivi. Kijana aliyekuja kumposa binti yake alisema ana kazi nzuri. Akaulizwa chanzo kiko wapi. Siku ya pili akarudi na barua ya mwajiri. Akapewa mke.

Sasa mke wangu. Alikuwa mfagizi wa hapa miaka tisa. Mama Chanzo alimfundisha kompyuta saa za mapumziko, mke wangu akafungua akaunti kwenye ensaiklopidia ile, akajiita Fagio. Jioni nikirudi na matope hadi masikioni, ananikalisha chini. Baba watoto, mkifika kwenye mchanga unaomeguka mnafanyaje? Pete za zege mnaziteremshaje? Namjibu nikitafuna. Kesho yake anaandika. Ukurasa wa kisima cha kuchimbwa kwa mkono, aliouandika zaidi ni yeye. Wasomi wa Jumamosi walimsifu sana Fagio, wakidhani ni injinia. Na asubuhi zote hizo walikuwa wanakanyaga sakafu yake mbichi kwa viatu, hakuna anayesema samahani.

Alikufa ukurasa haujaisha. Neno la siri alikuwa ameliandika kwenye karatasi ndani ya kopo la sukari. Nikalichukua. Kila Jumamosi nikawa nakuja, nakaa kompyuta ya pembeni, naingia kwa akaunti yake, naandika kwa kidole kimoja. Nikimaliza linatokea jina lake, na tarehe ya siku ile. Fagio, leo. Nilikuwa nakaa naliangalia. Miezi kumi na moja.

Mama Chanzo alijua. Mazishini alikuwepo. Ananiona, anapita, hasemi. Mwanamke aliyemdai mchumba barua aliacha uongo huo ukae mbele ya macho yake miezi kumi na moja. Siandiki hili kumchongea. Keshastaafu, hawana la kumfanya.

Halafu kukawa na sherehe ya wahariri. Mkasi na kamati yake wamepiga kura, wanatangaza mhariri bora wa mwaka. Ni Fagio. Wakapiga makofi, wakageuza shingo huku na huku. Hakuna anayesimama. Nikasimama mimi, na saruji kwenye kucha.

"Mzee, tunamwita Fagio," Mkasi akasema.

"Ni mke wangu."

"Basi mwite aje achukue cheti chake."

"Amekufa."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Haiwezekani. Jumamosi iliyopita amehariri mara nne."

Ndivyo walivyo. Unamwambia mtu nimemzika mke wangu, anakupinga kwa ushahidi. Wamempa marehemu cheti cha bidii, na wamefanya kazi naye miaka bila kujua ni nani aliyekuwa anawaondolea vikombe mezani.

Mambo yakaharibika hapo hapo. Sheria yao ni akaunti moja mtu mmoja. Mkasi akataka kila kilichoandikwa tangu siku ya kifo kifutwe chote, mabadiliko tisini na tatu, na hakusubiri jibu. Akakata. Katika alivyokata lilikuwemo la hewa chafu: kwamba kisima kikikaa kimefunikwa, usishuke kabla ya kutanguliza taa ya chemli kwa kamba. Ikizimika, hapana kushuka. Hilo mke wangu hakuwahi kuliandika. Nililiandika mimi, na sikuandika kwa kujifurahisha. Kuna watu wanasoma ukurasa ule halafu wanachukua sururu.

Wakabishana wiki tatu kwenye ukurasa wa majadiliano. Maneno elfu saba, Mama Chanzo aliyahesabu. Kuna aliyeandika kwamba taa si utaratibu unaotambulika. Kuna aliyeuliza chemli ni nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye shimo refu kuliko beseni. Na wiki tatu zote hizo ukurasa ulikuwa unawaambia watu jinsi ya kuchimba, hauwaambii kinachoua.

Mama Chanzo alikuwa msimamizi wa ensaiklopidia ile. Angeweza kurudisha yote kwa kidole, na mimi nilitaka arudishe. Aliniita mezani kwake, miwani yake imefungwa uzi kama kawaida.

"Mke wako amekufa," akasema. "Ukurasa unasema bado anaandika. Ukurasa unadanganya, na mimi nimeuacha udanganye. Nilikupa muda. Muda umekwisha."

Nikamwambia hana roho. Nikamwambia na mengine, hayaandikwi kwenye jarida. Akasikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akafunga akaunti ya Fagio mbele yangu, akaweka tarehe ya kufa pale juu ya ukurasa wake, mwaka, mwezi, siku. Akavuta kiti.

"Kaa. Fungua ya kwako. Yale tisini na tatu yataandikwa upya na mtu aliye hai, kila moja na chanzo chake."

Tulimaliza Jumamosi ya kumi na mbili. Alishuka stoo akaleta mwongozo wa zamani wa idara ya maji, umeliwa na mchwa kona zote, taa imo ukurasa wa arobaini. Yeye anatafuta, mimi naandika. Mkasi naye akaja. Sikumpenda na simpendi, lakini sentensi yangu ya mistari sita aliikata ikawa ya miwili, na miwili ile hata mtu aliye juu ya ngazi anaisoma akaelewa. Nasema kwa sababu ni kweli.

Aliyeniudhi zaidi ni Muuguzi, dada mmoja wa zamu za wodini. Aliongeza chini ya maneno yangu kwamba taa haitoshi. Kwamba ipo hewa inayoua mtu na taa inawaka tu, kwa hiyo kisima kipulizwe upepo kwanza, na mtu asishuke bila kamba kiunoni na mwenzake juu. Nikafuta. Akarudisha. Nikafuta tena, nikaandika kwamba nina miaka ishirini na nane kwenye kazi hii, yeye ana mingapi? Mama Chanzo akatukalisha meza moja.

"Kaka," Muuguzi akasema, "umetoa wangapi kisimani waliokufa?"

"Wawili."

"Taa zao zilizimika?"

Mama Chanzo hakuuliza chanzo.

"Mmoja ilizimika," nikasema.

"Na wa pili?"

Wa pili alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Niliyemwambia shuka ni mimi. Nyumbani nilisema alisahau taa. Mke wangu alikufa anaamini hivyo, na hilo la hewa, kwa uchungu wa ndugu yake, hakuwahi kuniuliza jioni, na mimi sikumwambia.

Sentensi ya Muuguzi niliirudisha kwa mkono wangu. Ipo mpaka leo. Ukifungua historia ya ukurasa utaona: Fagio mpaka siku yake ya mwisho, halafu mimi, Muuguzi, Mkasi, na Mama Chanzo kila mahali penye namba ndogo ya kuonyesha kitabu. Hakuna anayesema uongo.

Hiyo ndiyo kazi aliyofanya mama huyu. Mengine someni kwenye hotuba ya mkuu, atasema "nguzo ya taasisi" mara mbili, na chanzo hana. Watu waliokuwa hawawezi kukubaliana hata juu ya nukta, aliwaweka meza moja mpaka jambo likawa sawa. Hakutupenda sote na hakujifanya. Mkasi amepewa usimamizi kuanzia leo. Mungu atusaidie. Lakini kitabu cha idara ya maji Mama Chanzo amekijalidi upya mwenyewe, na amemkabidhi Mkasi kwa kusaini.

Mama, ahsante kwa kiti. Nenda kapumzike, miguu uinyooshe, saa yao itundike jikoni ikusaidie kuchelewa. Tunakuombea uzee wa raha, na wajukuu wenye majibu.

Kesho narudi kazini. Kuna kisima cha futi arobaini na mbili, kimefunikwa tangu mwaka juzi. Tutapuliza upepo kwanza. Halafu taa. Halafu mimi, na kamba kiunoni.