Émilienne Atosha na Watu Wake wa Kitambaa

Familia ilimwomba Constance Bitisho, dada mkubwa wa marehemu, asimulie maisha haya. Alikataa. Katika ukoo huu kuna walimu wawili na muuguzi, lakini kila aliyeulizwa alianza kulia, kazi ikamwangukia mama mzee anayeandika jina lake kwa shida. Haya. Amesema yeye, na Divine, binti wa marehemu, ameandika. Ole wake kama ameongeza maneno ya kupamba.

Émilienne Atosha alizaliwa Fizi-Centre tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba. Mama yao akiwa shambani kwa muhogo, Constance ndiye aliyembeba mgongoni, mpaka kitambaa cha kumbebea kikachanika. Hakikutupwa. Kwa mama yao hakuna kitambaa kilichotupwa.

Alisoma école primaire, shule ya msingi, hapo hapo Fizi, akamaliza mwaka wa sita mnamo 1981. Hesabu hazikumpenda. Kushona alifundishwa na bamama ba kanisa, na sindano ilimtii.

Mwaka 1989 aliolewa na Isidore Wilondja, mvuvi wa Baraka. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1996 vita viliwavusha ziwa hadi kambini Tanzania. Mama yao alifia njiani, akazikwa haraka haraka porini, nao wakaondoka na kitenge chake tu. Kambini Émilienne alikishona kikawa mwili, akaujaza matambara na vyandarua vilivyochanika, akaukalisha mlangoni, bega la kushoto limeinama kidogo kama la mama mwenyewe. Uso aliuacha mtupu. Constance alipouliza macho yako wapi, alijibiwa: "Yaya, dada yangu, uso wake unaujua. Mi nishone nini tena?"

Waliporudi Baraka mwaka 2007, hiyo ikawa kazi yake. Alikusanya nguo zilizotupwa baada ya kilio, nyavu zilizochoka, magunia, akawashona watu wenye kimo cha watu. Sebule ilijaa. Isidore alipotoka ziwani alfajiri aliwasalimia mmoja mmoja, kisha akalalamika kwamba wageni wa mke wake wana kiburi, hawaitikii.

Wengine waliita uchawi. Mwaka 2015, siku ya mvua, mzee Alphonse wa kamati ya kanisa alikuja na kiberiti mfukoni. Akafika mlangoni, akaona mtu wa kitambaa mwenye gauni la njano, akasimama. Aliuliza nani amelitoa.

"Ni wewe, mzee," Émilienne alimwambia. "Ulilitupa nyuma ya nyumba, kilio ya mama yako haijaisha. Kaa kwanza."

Alikaa kando ya lile gauni mpaka mvua ikakatika. Kiberiti kilirudi kwake bila kuwashwa.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2021, ukamla macho. Aliendelea kushona kwa kupapasa, akiomba tu apewe sindano ikiwa na uzi. Alifariki hapa Baraka Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, alfajiri, kiganja chake ndani ya kiganja cha Constance.

Ameacha mume, Isidore, watoto Bienfait, Gentille na Divine, wajukuu, dada mmoja mkaidi, na watu wa kitambaa. Upande wa ukweni umeamua hao wachomwe kesho asubuhi, eti nyumba yenye msiba haiwezi kulala na watu wasiopumua. Isidore hana nguvu ya kugombana na ndugu zake. Constance amekwisha kumbeba mama yake wa kitenge, yuko kitandani kwake. Wengine chumba chake hakiwatoshi.

Kwa hiyo Émilienne apumzike kwa amani, amefanya kazi ya kutosha. Ninyi msipumzike bado. Tukitoka makaburini, Constance atakaa mlangoni pa marehemu mpaka giza liingie. Kila atakayetambua kitenge, koti au gauni la mtu wake, aje ambebe, ampe kiti nyumbani.

Mzee Alphonse, mama yako iko kwenye kiti ya kwanza. Anza wewe.