Cleopas Njoroge, Aliyeamsha Usukani Uliolala

"Gari hili nikilikatisha kona leo, linageuka kesho!"

Hayo marehemu Cleopas Njoroge Kamau alimtupia mwenziwe Gurnam Singh, Aprili 1973, katika gereji yao ya Sparkhill, Birmingham, nyuma ya Stratford Road. Gurnam naye hakunyamaza. "Mipira hiyo ya usukani iliokoa mikono yangu Nairobi mpaka Nakuru, Njoroge. Usiiguse!" Marehemu akamjibu, "Basi rudi ukaendeshe huko. Hapa ni lami, na wewe usukani wa gari lako la Triumph umeufunika blanketi." Waliomjua wanakumbuka: mpole kanisani, kiberiti gerejini.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1936 huko Tigoni, Limuru, mtoto wa pili wa mzee Kamau Mbugua na mama Edah Wanjiru.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo nyumbani hadi 1951, karo ilipokosekana. Siku moja alichapwa kwa kuifungua baiskeli ya mwalimu bila ruhusa. Mwalimu alipoipanda jioni akakuta haiyumbi tena. Asante hakutoa, ila fimbo haikurudi.

Mwaka 1952 aliingia karakana moja ya River Road, Nairobi, na ndiko alikokutana na Gurnam. Walitengeneza magari ya mashindano ya safari ndefu za vumbi. Kwa barabara zile usukani ulifungwa kwa mipira minene, jiwe lisije likauzungusha ghafla ukavunja kidole gumba cha dereva. Gurnam alihamia Birmingham, akamwita, na marehemu akafika Septemba 1967. Magari ya kasi ya hapa yalimpendeza, lakini usukani mwingi aliukuta umelala, hauitiki mkono. Kwanza aliangalia upepo wa tairi, halafu boljointi zilizolegea, vile viungo vya magurudumu, halafu alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, mwisho ndio aguse reki, kile chuma chenye meno kinachovuta magurudumu. Kila akimaliza kitu kimoja alitoka kuendesha, vidole vitatu tu kwenye usukani. "Usukani ni kama mkono wa salamu," alikuwa akisema. "Mtu akikupa mkono uliolegea, utajua hayuko na wewe."

Alimwoa muuguzi Nyokabi tarehe 16 Agosti 1969 katika kanisa la Handsworth. Wakitoka kanisani, gari la kukodi likawa linavuta kushoto. Bwana harusi akalisimamisha, akaingia chini yake na suti yake mpya kuitazama tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Nyokabi akainama na shela, akasema, "Chagua, mimi au tairodi!" Sauti ikatoka chini, "Nimekuchagua wewe, mama. Ndiyo maana niko huku." Walijaliwa Edah na Kamau.

Sasa lile jambo. Marehemu aliitoa ile mipira ya Gurnam, akaifunga reki kwa vipande vya alumini badala yake, usukani ukawa mkali kama wembe. Akamsihi, "Uzoee wiki nzima mjini kwanza." Gurnam hakusikia la mtu. Jumamosi, tarehe 12 Mei 1973, alilipeleka kwenye mbio za kupanda kilima karibu na Worcester. Kona ya tatu likapanda ukingo wa udongo, na mkono wake wa kushoto ukavunjika. Akiwa bado amelala kwenye majani, mbele ya wateja wao wote, akapiga kelele, "Njoroge aliacha bolti bila kukaza!"

Neno hilo lilitosha. Nani atampa usukani wake fundi anayesahau bolti? Marehemu alitoka gerejini, akaenda kupachika milango ya magari kiwandani, akakaa miaka mitano bila kugusa usukani wa mtu. Tukimuuliza alisema, "Nilikaza," basi.

Oktoba 1977 kikohozi kilimshika, na madaktari wakakuta kansa ya mapafu. Jumatatu, tarehe 5 Juni mwaka huu wa 1978, Gurnam alibisha mlangoni kwao Lozells. Nyokabi akamfungulia nusu. "Umekuja kumwona au kumzika?" Gurnam akasema ameleta gari. Lilikuwa limelala bandani tangu ajali, na alipotaka kurudisha mipira, bolti zile zile zilimtesa mchana kutwa, spana ikiongezwa bomba refu, mpaka zikaachia. Ndipo akajua zilikuwa zimekazwa. Akairudisha alumini kama alivyoikuta.

Walikwenda mpaka vilima vya Lickey, marehemu amefungwa shuka mbili. Kwenye kona Gurnam alisema, "Linaongea, Njoroge."

"Lilikuwa linaongea siku zote. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Lakini uliniaibisha mbele ya watu, Singh, na humu ndani tuko wawili tu."

Gurnam akaahidi kuwakusanya wote gerejini Jumapili. Marehemu hakuifikia Jumapili. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 8 Juni, alfajiri, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, Nyokabi. Watoto, Edah na Kamau. Mama yake, Edah Wanjiru wa Tigoni. Na dada zake, Zilpah na Wangari.

Gurnam ameomba maneno yake yachapwe humu na yasomwe kabla mchanga haujaanguka: "Mimi Gurnam Singh nilisema uongo. Bolti zilikuwa zimekazwa. Nililikatisha gari kona kwa mazoea yangu ya zamani, na aliyeumia ni jina la mtu."

Gurnam, watu wamesikia, na familia haikudai kitu tena. Cleopas, ndugu yetu, pumzika. Jina lako ni safi.