Marehemu Nice Tarsis na Maji Yaliyorudi Nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, kabla safari ya Rombo haijaanza, familia inaomba utulivu.

Nice alizaliwa tarehe 14 Machi 2004, Mkuu, Rombo, mtoto pekee wa marehemu Tarsis na Mama Severa, akaletwa Dar es Salaam angali mchanga, baba yake alipofungua duka la masufuria Kariakoo. Alibatizwa na kupata kipaimara, akasoma msingi na sekondari hapahapa Ilala, akamaliza kidato cha sita mwaka 2023, Oktoba akaanza uhasibu katika chuo kimoja cha katikati ya jiji. Hakuajiriwa, ila tangu baba yake alipotwaliwa mwaka 2019 alisimama dukani kila Jumamosi, wateja, waliozoea kumwita baba yake Mangi, wakimtania, "Hiyo bei ya Mangi au ya mtoto wa Mangi?" Hakujaliwa ndoa wala mtoto.

Kuhusu ugonjwa, wanafamilia walitaka kuandika tu kuwa aliugua muda mfupi, lakini Mama Severa alimwambia Pantaleo, baba mdogo wa marehemu anayewasomea, "Shemeji, usimfiche mwanangu, soma kama ilivyokuwa, wapo mabinti hapa."

Kila asubuhi mama alimjazia chupa ya maji, na kila jioni chupa ilirudi imejaa, mama akayamwagia maua ya koridoni, akidhani mwanawe ameshinda na soda za kantini. Kumbe vyoo vya chuoni havikuwa na maji wala komeo, naye mwenye haya akaona heri ashinde na kiu kuliko kuvitumia. Mkojo ulipoanza kumchoma, Novemba 2024, hakumwambia mtu, kwa kuwa yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo, mtaani husemwa ni ya wasichana wasiotulia, na hata sisi, Mungu atusamehe, tuliyacheka maneno hayo mezani naye akiwepo, akainamia sahani yake. Akanunua vidonge bila kupimwa, akipata nafuu anaacha, vilivyobaki akimpa mwenzake Amira, aliyeturuhusu kumtaja, ugonjwa ukirudi wanaulizana kwa kunong'ona, "Shoga, vyako vimebaki?"

Februari 2025 alilazwa kwa homa na maumivu ya kiuno, mkojo ukaoteshwa maabara kutafuta vijidudu na dawa ya kuviua, ikaonekana vijidudu vimeshazoea dawa karibu zote, navyo vimefika kwenye figo na damu. Alipewa dawa iliyobaki, lakini mwili ulikuwa umechoka. Jioni ya mwisho aliomba maji, daktari akaruhusu, akanywa funda kwa funda kutoka chupa ileile, akasema, "Mama, leo sijakurudishia." Alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi, Bwana alimwita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mchafukoge, wafanyabiashara wenzetu waliofunga maduka, na wanafunzi wenzake, pamoja na Amira, ambaye sasa amepimwa na anatibiwa.

Leo asubuhi Mama Severa, kwa mazoea, ameijaza tena ile chupa, nayo ipo mezani, imejaa.

Nice, mwana wa Tarsis, pumzika kwa amani ya Bwana, usione kiu tena.