Verlene Hathcock na Dirisha la Nyumba ya Bramlett

Mimi Orval Pickrell nina miaka themanini na saba. Nimezika wake wawili, nimeona kiwanda cha mbao kikifungwa, stesheni ya treni ikigeuzwa ghala la mbolea, na wenyeviti wa kaunti wakija na kuondoka hata majina yao yamenitoka. Sasa naambiwa nimwone na Verlene Hathcock akistaafu, Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuziangalia nyumba kongwe za Kaunti yetu ya Tarlow. Jarida la wafanyakazi limetafuta mtu anayemjua amwandikie. Hayupo anayemjua kunishinda mimi. Kalamu si kazi yangu, kazi yangu ni mtaimbo na dohani, lakini nitaandika hivyo hivyo, na karani asinirekebishe.

Alitujia kutoka jiji la Louisville, msichana mwenye viatu vyeupe. Wiki ya kwanza sakafu ya jiko la mchungaji ilimmeza mpaka kiunoni. Nikakimbia kumvuta, akaniambia, "Wee Orval, nipe tochi kwanza, utanivuta baadaye. Nataka kuona boriti." Siku hiyo nilijua huyu hatarudi Louisville.

Kazi yake ilikuwa kusema nyumba ipi ikae na ipi iangushwe. Ameinusuru nyumba ya matofali ya akina Quarles na vibaraza vingi ambavyo wenyewe walitaka kuvifanya kuni. Tumegombana miaka mingi, yeye akitaka dohani zijengwe kwa chokaa, mimi kwa saruji. Nani alikuwa sahihi si jambo la jarida hili.

Lakini la kumsifu kuliko yote ni lile la nyumba ya Bramlett, pale njia panda, na nilikuwepo.

Halmashauri ilitaka kiwanja kile kijengwe kituo cha zimamoto. Verlene akaenda kuikagua nyumba siku ya mvua, akaizunguka mara moja, akaona mbao zilizopauka na bati lenye kutu, akatia saini ibomolewe. Delphia Bramlett, wa mwisho wa ukoo ule, alizaliwa ndani yake. Akaambiwa haina thamani, akaanza kufunga vyombo.

Sisi huku nyumba haiangushwi kabla majirani hawajala ndani yake mara ya mwisho. Kila mtu huja na chungu chake. Basi adhuhuri ya siku ya kubomolewa tukaja na maharage, nyama ya nguruwe na mkate wa mahindi, huku nje Dub Sizemore amelileta tingatinga, linasubiri tumalize kula.

Verlene alikuja na pai ya tufaha, imetoka jikoni moto. Meza imejaa, akaitua dirishani ipoe. Pai ikakaa yote juu ya kizingiti cha dirisha, na paka wa Delphia akapata nafasi ya kulala kando yake. Verlene akasimama akitazama kama aliyeona nyoka. Ukuta wa mbao ni mwembamba, kizingiti chake hakina upana wa kulaza pai na paka.

"Orval," akasema, "lete mtaimbo."

Dub akacheka, mdomo umejaa maharage. "Bibie, saini ni yako wewe mwenyewe! Au uliazima mkono?"

"Najua ni yangu. Nenda ukalizime hilo dude lako."

Akamgeukia Delphia. Delphia akafuta mikono kwenye aproni. "Ng'oa tu, Orval. Jioni si ingeng'olewa yote?"

Nikang'oa ubao mmoja, safi, bila kuupasua, maana hakuna mwingine kaunti hii awezaye. Nyuma yake magogo ya mwaloni, manene kama kiuno changu, alama za shoka bado zinaonekana. Wazee wa zamani waliona haya kukaa nyumba ya magogo, wakaivisha mbao, na wajukuu wakasahau. Delphia aliweka kiganja juu ya gogo, akabaki hivyo. Chakula kikapoa.

Jumatatu Verlene akasimama mbele ya halmashauri, ukumbi umejaa. Mwenyekiti akamwambia, "Wiki iliyopita ulisema kibanda, leo unasema hazina. Wiki ijayo utasema nini, mama?"

"Wiki ijayo nitasema nilikosea tena, kama nitakuwa nimekosea," akajibu. "Lakini hii nilikosea kuitilia saini, na haianguki."

Hoja ya kuiacha nyumba ilipita kwa tofauti ya kura moja. Kituo cha zimamoto kikajengwa ng'ambo ya barabara, na Delphia akafungua vyombo vyake. Tangu hapo Verlene aliupindua utaratibu wetu: tunakula kwanza, yeye anatia saini baadaye. Nyumba kadhaa zimesimama leo kwa sababu ya mlo huo, na nyingine zimeanguka, lakini zimeanguka zikiwa zimetazamwa.

Ijumaa tutamwandalia chakula pale pale kwa Delphia. Mwanzo Verlene alikataa. "Mlo wa mwisho ni wa nyumba inayobomolewa. Mnataka kunibomoa?" Delphia akamjibu, "Sisi tunakula tu, bibie. Saini hakuna." Afisa mpya atakayeshika kazi yake naye amealikwa. Tumempangia kiti karibu na dirisha.

Verlene, asante kwa miguu yako iliyochakaa kwenye ngazi zetu, na asante kwa siku uliyosema umekosea watu wakisikia. Ustaafu kwa raha, na sakafu zote utakazozikanyaga zikubebe.

Anayedhani natia chumvi amuulize Delphia Bramlett. Amuulize Dub Sizemore, ambaye bado ananuna kwa tingatinga lililozimwa bure. Na kama hao hawamtoshi, nyumba iko pale pale njia panda. Aende na pai yake, aiweke dirishani.